Sitara ya Nyumba na Televisheni za Intaneti

Mwaka jana dada yangu alinunua televisheni ya inchi 43 katika duka moja la mjini, na jioni ile ile akaja fundi wa kuitundika ukutani. Kazi ya kutoboa ukuta na kukaza vyuma ilichukua karibu saa nzima, kwa kuwa fundi yule alikuwa mtu mwangalifu, akipima kwa kamba na penseli, akirudi nyuma hatua mbili, akifumba jicho moja na kupima tena. Lakini kioo kilipowaka na maandishi yakaanza kujitokeza, ukurasa baada ya ukurasa, kila mmoja ukiwa na kitufe cha kukubali chini yake, hakusoma hata mmoja. Alibonya, akabonya, akabonya, mara saba kama nilihesabu sawasawa, na picha ikatoka, watoto wakashangilia, chai ikaletwa. Katika dakika mbili zile aila nzima ya dada yangu, pamoja na mama yetu aliyekuwa amejilaza chumba cha pili, ilikuwa imekwisha kufungishwa mkataba na kampuni ya ng'ambo, na aliyeutilia sahihi ni mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemjua jina la baba yake.

Simlaumu fundi, maana kazi aliyoitiwa ilikuwa ya ukuta na vyuma, wala simlaumu dada yangu, ambaye wakati ule alikuwa jikoni. Nalitaja jambo hili kwa sababu nimekwisha kuliona katika nyumba nyingi, za Mombasa na za Dar es Salaam, likitendeka kwa namna ile ile: idhini ya nyumba hutolewa na mtu asiye wa nyumba, katika saa ya furaha na haraka, na tangu siku hiyo hakuna anayeikumbuka. Haja yangu katika makala haya ni kumweleza mwenye nyumba kwamba idhini hiyo yaweza kuondolewa leo hii, kwa rimoti iliyo mezani, na kwamba mwenye haki ya kuiondoa ni yeye.

Televisheni ya zamani ilikuwa chombo cha kupokea tu. Kenya ilipoanza matangazo yake mwaka 1962, na Zanzibar ilipoanza matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mnara ulirusha na sanduku likadaka, na hapakuwa na njia yoyote ambayo kwayo sanduku lingeweza kumrudishia mtangazaji habari za nani ameketi mbele yake, ametazama nini na amezima saa ngapi. Aliyetaka kuyajua hayo ilimbidi apite nyumba hadi nyumba na daftari mkononi, na kila mlango abishe hodi. Televisheni za leo, zile ambazo wauzaji huziita smati, ni kompyuta zilizovikwa kioo kikubwa: zina kumbukumbu zao, programu zao, na njia ya waifai inayokwenda pande zote mbili, ya kuleta na ya kupeleka. Kinacholetwa twakiona sote. Kinachopelekwa hakionekani, nami nitakieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa mtu hawezi kujihadhari na jambo asilolijua linavyotendeka.

Ndani ya nyingi za televisheni hizi mna programu ya kutambua kinachoonyeshwa. Kazi yake ni kunasa, kila baada ya muda mfupi mno, sehemu ya picha iliyo kiooni au ya sauti inayotoka, kuigeuza kuwa alama fupi ya tarakimu, mfano wa dole gumba mtu analolitia kwenye hati, kisha kuipeleka alama hiyo kwa intaneti mpaka kwenye ghala la kampuni, ambako hulinganishwa na alama za filamu, vipindi, michezo na matangazo ya biashara zilizowekwa akiba. Na zikipatana, kampuni imekwisha kujua kwamba katika nyumba hii, saa hii, panatazamwa kitu hiki, na kwamba kimetazamwa hadi mwisho au kimeachwa njiani. Mwaka 2024 watafiti wa University College London, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, na wa Universidad Carlos III de Madrid walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya televisheni za Samsung na LG. Waliona kwamba ile ya LG hupeleka alama zake kila baada ya sekunde 15, na ile ya Samsung kila dakika moja, na kwamba kazi hiyo haikusita hata pale televisheni ilipotumiwa kama kioo tu cha kompyuta iliyochomekwa kwa waya wa HDMI. Naomba msomaji alitafakari hilo la waya, kwa maana wengi wetu hudhani kwamba tukichomeka kompyuta yetu tumejitenga na mambo ya televisheni. Kumbe barua ya ofisini uliyoifungua ukutani ili uisome kwa herufi kubwa, nayo imepita mbele ya jicho lile, ingawa kitu kisicho na mwenziwe ghalani hakipati kutambuliwa. Lakini watafiti hao hao waliona jambo la faraja, ambalo juu yake nimeujenga ushauri wangu: ruhusa ilipozimwa katika mipangilio, upelekaji wa alama ulikoma.

Kwamba habari hizi hukusanywa ili ziuzwe, ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kisa cha kampuni ya televisheni ya Vizio huko Marekani. Mwezi Februari 2017 tume ya serikali kuu ya nchi ile inayolinda haki za wanunuzi, pamoja na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New Jersey, walitangaza maafikiano na kampuni hiyo, iliyotuhumiwa kwamba tangu Februari 2014 ilikuwa ikikusanya habari za utazamaji, sekunde kwa sekunde, kutoka televisheni milioni 11, pasipo wenyewe kujua wala kuridhia. Mpangilio uliofanya kazi hiyo ulipewa jina la kupendeza, ukaelezwa kuwa ni wa kumletea mtazamaji mapendekezo ya vipindi. Habari zilizopatikana ziliambatanishwa na anwani ya intaneti ya kila nyumba, na kwa njia ya anwani hiyo zikaongezwa nyingine: jinsia, umri, kipato, hali ya ndoa, idadi ya watu wa nyumbani, kiwango cha elimu, na kama nyumba ni ya kupanga au ya mwenyewe, kisha furushi lote likauziwa wengine. Kampuni ililipa dola milioni 2.2, ikaamriwa kufuta data iliyoikusanya kabla ya tarehe 1 Machi 2016, na kutokusanya tena ila kwa ridhaa iliyo wazi.

Ukiuliza faida iko wapi, tazama hesabu za kampuni hiyo hiyo: katika robo ya tatu ya mwaka 2021, faida ghafi iliyotokana na matangazo na data ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile iliyotokana na kuuza televisheni zenyewe, na mwezi Desemba 2024 Walmart, mwenye maduka makubwa kabisa ya rejareja, alikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 2.3 hivi. Muuza unga na sabuni haachii mali nyingi namna hiyo kwa ajili ya vioo. Anataka kumjua anayekaa mbele ya kioo, ili tangazo la sabuni limfikie yule yule, na ajue kama kesho yake sabuni ilinunuliwa. Ndiyo sababu, msomaji, televisheni kubwa huuzwa siku hizi kwa bei ambayo baba zetu wasingeisadiki. Sehemu ya bei yake tunailipa kidogo kidogo kila jioni, kwa sarafu tusiyoiona ikitoka mfukoni.

Wapo watakaosema kwamba wao hawana la kuficha, na kampuni ijue itakavyo kwamba wanatazama mpira na tamthilia za Kituruki. Jibu langu nalichukua kwanza kutoka Marekani hiyo hiyo. Mwaka 1987 gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya kanda 146 za video zilizokodishwa na aila ya Jaji Robert Bork, aliyekuwa amependekezwa kuingia Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Orodha ile haikuwa na aibu yoyote ndani yake. Zilikuwa filamu za kawaida za kutazamwa nyumbani. Hata hivyo wabunge wa pande zote walishtuka, kwa kuwa kila mmoja aliiona orodha yake mwenyewe ikichapishwa kesho, na mwaka uliofuata, 1988, ikatungwa sheria ya kuwakataza wenye maduka ya video kutoa habari za wateja wao. Kilichowatisha ni kule kuhesabiwa na mtu usiyemkaribisha.

Na jibu la pili nalichukua kwetu. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zilijengwa kwa namna ambayo mpita njia, hata mlango ukiwa wazi, haoni ndani: ukitoka katika daka hufiki moja kwa moja uani, bali hupindishwa na ukuta, na vyumba vya aila viko nyuma zaidi, mbali na jicho na sikio la njiani. Sura ya An-Nur inawafundisha Waislamu wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa, na hata watoto waliozaliwa nyumbani humo imewawekea nyakati tatu za kubisha hodi kabla ya kuwaingilia wazee wao: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo wapumzike, na baada ya isha. Wazee waliojenga na kuishi hivyo hawakuwa wezi wala wazinifu wenye mambo ya kufunika. Walijua kwamba kuna maneno, mavazi, maradhi, machozi na hata vicheko ambavyo ni vya watu wa ndani, na kwamba mtu asiyekuwa na mahali pa kukaa pasipo kutazamwa hawezi kustarehe. Sasa mfikirie mama anayetazama kwa wiki tatu mfululizo vipindi vya ugonjwa wa sukari, kwa kuwa amepimwa na bado hajamwambia mtu. Au mwanamke anayesikiliza usiku, watoto wakiisha kulala, mawaidha juu ya talaka. Au kijana anayefuatilia mikutano ya chama ambacho mwajiri wake hakipendi. Hao nao hawajafanya kosa, lakini yule anayenunua habari za nyumba zao amekwisha kuwajua kabla ya ndugu zao kuwajua.

Basi la kufanya ni hili. Chagua jioni moja yenye wasaa, keti mbele ya televisheni na yule wa nyumbani anayesoma Kiingereza vizuri, kwa kuwa maelezo haya mara nyingi huandikwa kwa lugha hiyo na kwa herufi ndogo, ufungue mipangilio na kuitafuta sehemu ya faragha au ya masharti ya matumizi. Katika Samsung ruhusa ya kutambua kinachotazamwa huitwa "Viewing Information Services". Katika LG huhusiana na kitu kiitwacho "Live Plus". Katika baadhi ya Sony huonekana kwa jina la Samba. Majina hubadilika toleo kwa toleo, kwa hiyo usikariri majina. Tafuta maneno yanayozungumza juu ya utazamaji wako, juu ya matangazo yanayofuata mapendeleo yako, na juu ya kuboresha huduma, na kila uonapo alama ya kukubali, iondoe. Televisheni haitakufa. Picha itabaki ile ile, kandanda litabaki lile lile, na utakachokosa aghalabu ni mapendekezo tu. Pale inapokuwapo namba ya utambulisho wa matangazo, ifute au uianzishe upya, kwa sababu hiyo ndiyo uzi unaoyafunga mambo ya jana na ya leo yawe ya mtu mmoja.

Nitakuwa si mkweli nikisema kwamba kitufe kikizimwa yote yamekwisha. Mwezi Novemba 2013 mtu mmoja wa Uingereza alichunguza televisheni yake ya LG na kuona kwamba, hata baada ya kuzima ruhusa, iliendelea kupeleka majina ya stesheni anazotazama, na hata majina ya mafaili yaliyokuwa katika diski aliyoichomeka. Kampuni ilikiri na kuahidi marekebisho. Mwezi Desemba 2025 Mwanasheria Mkuu wa Texas alizishitaki Sony, Samsung, LG, Hisense na TCL kwa madai ya kukusanya habari za utazamaji pasipo ridhaa ya kweli. Mashitaka si hukumu, ila yanaonyesha kwamba shaka hii haijaisha. Kwa hiyo, baada ya kila sasisho kubwa la programu, rudi katika mipangilio uhakiki. Na mtu ambaye haja yake ni stesheni za kawaida kwa kisimbuzi na antena, au filamu zilizo katika diski, ana dawa iliyo nyepesi na kamili kuliko zote: asiiunganishe televisheni na waifai kabisa. Kisichokuwa na njia ya kutokea hakitoki.

Juu ya maikrofoni na kamera watu huogopa zaidi ya inavyostahili, na wakati mwingine huogopa visivyo. Ni kweli kwamba mwaka 2015 maelezo ya faragha ya Samsung yalizua fadhaa kubwa, pale ilipoonekana yanawaonya wateja kwamba mazungumzo yao, hata ya siri, yaweza kunaswa na kupelekwa kwa kampuni nyingine inayotambua sauti. Ni kweli pia kwamba nyaraka zilizochapishwa na WikiLeaks mwezi Machi 2017 zilieleza mbinu ya majasusi wa Marekani ya kuifanya televisheni ya namna fulani ionekane imezimwa ilhali inasikiliza. Lakini nyaraka zenyewe zilionyesha kwamba mbinu hiyo ilitiwa kwa mkono, kwa kifaa cha kuchomeka, katika televisheni ya mtu aliyekusudiwa. Mchuuzi wa Mwembe Tayari asikose usingizi kwa ajili ya majasusi. Azime usikilizaji wa sauti usiokoma, ule unaongojea kuitwa kwa jina, atosheke na rimoti ambayo husikiliza pale tu kitufe chake kinapobonywa. Na kama televisheni ina kamera, aizibe kwa utepe mweusi, kama maofisa wa FBI wa Oregon walivyowashauri wananchi wao mwaka 2019.

Hatari ambayo naiona kubwa zaidi kwa watu wetu, na ambayo husemwa kidogo, ni ya yale maboksi ya Android yanayouzwa kwa bei ya chini, yasiyo na jina la maana, ya kuchomekwa nyuma ya televisheni ya kawaida ili nayo iingie intaneti. Mwezi Juni 2025 FBI ilitangaza onyo juu ya mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, ambao huambukiza vifaa vya namna hii, vingine vikiwa bado kiwandani kabla mnunuzi hajavitia mkononi, na vingine wakati wa kupakua programu kutoka maduka yasiyo rasmi. Na Google ilipofungua mashitaka mwezi Julai mwaka huo ilisema vifaa vilivyokumbwa vinapita milioni 10. Boksi lililoambukizwa huikodisha intaneti ya nyumba yako kwa watu usiowajua, wapitie humo wanapofanya ulaghai wao, hata ufuatiliaji ukifanyika njia ionekane imetoka kwako. Basi jihadhari na muuzaji anayekuahidi ligi zote za Ulaya na stesheni zote za kulipia bila ya malipo. Na boksi likikutaka uzime ulinzi wa Google Play ili programu zake zikubali kuingia, lirudishe ulikolinunua. Ni afadhali kungoja miezi mitatu ukanunua lenye jina na lililoidhinishwa, kuliko kuweka ukutani kitu ambacho bwana wake wa kweli hujui yuko nchi gani.

Kama ruta yako ina mtandao wa wageni, weka televisheni huko, mbali na simu na kompyuta zenye mambo yako ya benki, na nywila ya ruta usiiache ile iliyokuja nayo. Ukilala hotelini au katika nyumba ya kukodi, usifungue akaunti yako katika televisheni ya huko, na ukiifungua, uifunge kabla ya kurudisha ufunguo.

Ama kwa upande wa sheria, hatuko mikono mitupu kama tulivyokuwa zamani. Kenya, ambayo katiba yake ya mwaka 2010 inataja haki ya faragha katika ibara ya 31, ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na ndani yake mtu amepewa haki ya kujulishwa matumizi ya data yake, kuiona, kupinga isitumiwe, na kutaka iliyo ya uongo isahihishwe au ifutwe. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tanzania, ambayo katiba yake nayo inalitaja jambo hili katika ibara ya 16, ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ya kuisimamia. Sitadai kwamba barua moja kutoka Tandika itaitetemesha kampuni ya Seoul. Lakini kampuni hizi zina mawakala na matawi katika miji yetu, na tume isiyoletewa malalamiko huamini kwamba hakuna anayeumia. Mwenye duka naye aulizwe, kabla ya fedha kutolewa, ni kwa miaka mingapi televisheni hii itaendelea kupata masasisho ya usalama. Asipojua, na aulize kwa wakala wake.

Siku televisheni itakapotoka nyumbani, kwa kuuzwa au kupewa ndugu wa shamba, irudishwe kwanza katika hali yake ya kiwandani, kisha katika simu yako iondoe kwenye orodha ya vifaa vya akaunti zako; na anayenunua iliyotumika, iwe imetoka jirani au Dubai, afanye kazi hiyo hiyo kabla ya kuiunganisha na kitu chochote.

Kwa dada yangu tulifanya kazi hii Ijumaa moja baada ya sala, yeye akishika rimoti, binti yake akisoma kwa sauti kila ukurasa, mimi nikiandika. Ilituchukua dakika 40, na ruhusa tulizozizima zilikuwa sita. Alibandika nyuma ya televisheni karatasi yenye tarehe ya siku ile, na chini yake tarehe ya miezi sita mbele, ya kuhakiki tena.